IMBWA GANI NI RAFIKI MWEMA?



Mara nyingi mu enterna, nyuma ya kula bukari, tunabishana juu ya imbwa. Wale wanaotoka Kolwezi wanasifu Berger allemand, zile imbwa kubwa zinazosaidia walinzi wa kampuni za migodi. Wengine wanasifu imbwa wadogo wa manyoya mengi, waliowaona mu televizio. Mimi ninasema, imbwa ninayempenda kupita wote ni yule wa mugini kwetu: mwembamba, rangi ya udongo mwekundu, masikio yamesimama, mukia umejikunja sawa pete. Hapo wenzangu wanacheka: "Ile ni imbwa ya basenji!" Basi leo ninaandika kwa kuwajibu, kwa sababu neno lile wanalisema pasipo kujua habari yake.

Sitaki kumdharau Berger allemand. Kwao ni Ujeremani. Mu mwaka 1899 kapiteni mumoja, jina lake Max von Stephanitz, alianza kuandika kitabu cha ukoo wao, akichagua imbwa wa kuchunga kondoo wenye akili na nguvu. Ni kweli, anajifunza upesi na anatii bwana wake. Lakini anakula mingi, na manyoya yake ni mazito kwa jua letu la mwezi wa kumi. Kampuni inaweza kumulisha. Nkambo wangu hawezi. Wazee walisema mkono mtupu haulambwi. Rafiki mwema ni yule unayeweza kumutunza, si yule wa kujionyesha naye tu.

Imbwa ya nkambo inaitwa Batasema. Nkambo alimupa jina lile kwa ajili ya majirani, si kwa ajili ya imbwa, maana imbwa mwenyewe hasemi sana. Analia mara haba. Anakula mabaki ya bukari na ndagala. Anajilamba mwili muzima sawa paka, hata harufu yake si mbaya. Mu pori anatumia macho na pua pamoja. Siku moja nilimuuliza nkambo sababu gani hafugi imbwa mwenye sauti kubwa. Akanijibu: "Mwana, imbwa ya kelele inafukuza nyama. Imbwa ya kunyamaza inamukamata kabuluku." Tena usiku, Batasema akisimama mu mulango na kunguruma kidogo, nyumba yote inaamuka, kwa sababu tunajua hasemi bure.

Sasa tuangalie lile neno la kucheka. Mu dunia kuna imbwa wanaoitwa Basenji kabisa, na jina lile limeandikwa mu vitabu vya Uingereza na Marekani. Asili yao ni Kongo yetu. Urefu wao ni karibu 40 sentimeta ku mabega, na uzito kilo 10 ao 11. Hawabweki sawa imbwa wengine. Si mabubu, lakini sauti yao ni ingine, inapanda na kushuka kama mutu anayeimba pasipo maneno. Imbwa dike wengine huwa tayari kuzaa mara mbili kwa mwaka, lakini wa Basenji ni mara moja tu. Na kwa sababu hawabweki mu uwindaji, wawindaji wa fasi nyingi za Kongo wanawafunga kengele ya mti ku shingo, wapate kujua wako wapi.

Mu mwaka 1895 wawili walipelekwa Uingereza, lakini ugonjwa ukawaua. Mu 1937 wengine walionyeshwa London, ku mashindano makubwa ya imbwa yanayoitwa Crufts, na watu wakasongana kuwaona. Toka pale wakasambaa. Lakini wote walizaliwa na wazazi wachache sana, na magonjwa ya kurithi, sawa ule wa figo, yakaongezeka. Ndiyo sababu mu 1987 na 1988 Wamarekani walikuja kaskazini ya inchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati ule, kutafuta damu mupya mu vijiji. Mu 1990 imbwa wale wa vijiji wakaanza kuandikwa mu kitabu cha ukoo kule Marekani.

Mumeona? Wazungu walimupa imbwa yule jina la matusi waliyotukana wazee wetu: basenji, watu wa pori, wasiojua kitu. Lakini imbwa zao zilipodhoofika, walirudi kuomba dawa ku milango ya hao hao basenji. Hakuna kapiteni aliyeandika majina ya babu zetu mu kitabu. Lakini wao ndio waliowalisha imbwa hawa, miaka na miaka, mupaka wakawa vile walivyo.

Sisemi kama kila imbwa wa Mutshatsha ni Basenji safi. Hapa kwetu, kandokando ya reli ya Dilolo, imbwa wamechanganyika sawa watu. Lakini sura na tabia zao zinafanana. Na mimi nilipofika mu masomo haya na kifuko changu, niliitwa musenji kwa sababu ya matamko yangu ya mugini. Ninajua uzito wa neno lile. Yeye anayelisema anafikiri anacheka imbwa, kumbe anamucheka nkambo wa mutu.

Neno moja lingine, na ni kubwa. Urafiki na imbwa una kazi zake. Mwaka jana, wakati wa kipwa, imbwa mwenye wazimu alimuluma mutoto mu kijiji chetu. Vijana wakashika fimbo, wakataka kuua imbwa wote. Nkambo akamufunga Batasema nyuma ya nyumba, akasimama mu mulango. Mama wa mutoto aliosha kidonda na maji na sabuni muda murefu, akamupeleka achanjwe upesi, na mutoto ni muzima. Munganga alitueleza kama inafaa kuosha dakika 15, na kwenda kuchanjwa siku ile ile, kwa sababu wazimu wa imbwa ukianza kuonekana mu mutu, karibu hakuna anayepona. Alisema tena kama fimbo haimalizi ugonjwa ule. Kuchanja imbwa ndiko kunaumaliza.

Kwa hiyo ninawaomba, ndugu zangu. Mwenye imbwa, amulishe na amuchanje. Asiye naye, asimutupie mawe. Na mukibishana tena juu ya imbwa, sifuni muliyemupenda kwa kazi yake, lakini lile neno tuliache.

Mwanafunzi wa mwaka wa tano