Bomba na Ukuta
Ziwa Viktoria lina eneo la kilometa za mraba zipatazo 68,800, na mkazi wa vilima vya Mabatini au Igogo huliona kila kupambazukapo. Lakini kuliona si kulinywa. Maji huvutwa Capri Point, husafishwa, husukumwa kwa pampu hadi matangi ya vilimani, kisha hushuka kwa bomba mpaka nyumbani. Hapo ukuta huwa mpaka wa mwisho wa safari, nao ndio udharauliwao.

Kwenye majabali mtaro hauchimbiki, kwa hiyo bomba la plastiki hulazwa juu ya jiwe, juani. Na jiwe la Mwanza saa nane mchana ni kikaango. Mchana bomba hurefuka kwa joto, usiku hufupika kwa baridi. Fundi mwenye haraka hutoboa tundu lililo sawa na unene wa bomba, akalikaba kwa saruji, naye husifiwa kwa kazi imara. Sifa hiyo ni ya mapema. Kijongeacho kikikabwa hupasuka pale kilipokabwa, na ufa uliomo ndani ya ukuta hauonekani. Tofali mbichi hunywa kimyakimya mpaka lipu ivimbe. Mama aliyekwisha kutua ndoo kichwani akajikuta akichota maji sakafuni.

Fundi mwema hutanguliza ala: kipande cha bomba pana zaidi, kiinamacho kidogo upande wa nje ili mvua isiingie. Saruji huishika ala. Bomba hupita ndani yake huru, na mwanya uliobaki huzibwa kwa kitu laini, kama vile mpira. Gharama yake ni kipande ambacho aghalabu hutupwa.