Waigizaji wakigoma, vya mtandaoni vinapona?

UE zimekwisha, korido za bweni zimepoa, wengi wenu mmeshapanda mabasi mko makwenu mnakula ugali wa mama. Sisi tuliobaki tunasubiri kupangiwa shule za mazoezi ya kufundisha, na kwa sasa tunafanya kile ambacho mwanafunzi asiye na hela anakiweza kuliko mtu yeyote: tunachangiana bando na kutazama vipindi vya mtandaoni.

Juzi ukazuka ubishi. Mmoja wetu akasema waigizaji wa Marekani wakigoma, wanaofaidi ni hawa watengenezaji wadogo wa mtandaoni, maana duka kubwa likifungwa wateja wote wanahamia gengeni. Mwingine akaruka, wapi bwana, wakigoma wakubwa ndio wadogo wanakufa kabisa! Tumebishana mpaka umeme umekatika. Mimi suala lenyewe likanikaa kichwani, nikaenda kulisoma, na leo naliandika kama ninavyoliona.

Wa genge ana mfano wake mzuri sana. Tarehe 5 Novemba 2007 waandishi wa filamu na televisheni wa Marekani waligoma, na wakakaa siku 100, mpaka 12 Februari 2008. Katikati ya mgomo ule Joss Whedon, yule aliyetengeneza Buffy, alikaa na wadogo zake wawili, Zack na Jed, pamoja na Maurissa Tancharoen, wakaandika kichekesho cha nyimbo kwa ajili ya intaneti tu, Dr. Horrible's Sing-Along Blog. Hakuna studio iliyowasimamia, na pesa ilitoka kwa Whedon mwenyewe. Julai 2008 kikatoka kwa sehemu 3, watu wakakitazama bure, na mwaka 2009 kikachukua tuzo ya Emmy. Yaani mgomo ulizaa mtoto, na mtoto akawa na afya.

Lakini hebu tulia kidogo uone ni nani aliyegoma pale. Ni waandishi. Waigizaji hawakuwa kwenye mgomo, kwa hiyo Neil Patrick Harris, Nathan Fillion na Felicia Day walikuwa huru kusimama mbele ya kamera ya Whedon. Mwandishi akigoma, mwenye kipindi kidogo anaweza kuandika mwenyewe usiku kucha na kalamu yake. Mwigizaji akigoma, uso wake utauazima wapi?

Swali hilo lilitaka kujibiwa mwaka uleule. Mkataba wa chama cha waigizaji, SAG, na studio uliisha 30 Juni 2008, na mojawapo ya mambo makubwa waliyogombania ilikuwa intaneti. Studio zilitaka kwamba kipindi cha mtandaoni kinachogharimu chini ya dola 15,000 kwa dakika kiweze kutengenezwa bila masharti ya chama. Chama kikaona huo ni mlango wa nyuma: leo vipindi vidogo, kesho kazi yote imehamia mtandaoni na mkataba umebaki unalinda televisheni tupu. Watu walikaa roho juu karibu mwaka mzima. Mgomo haukutokea, na Juni 2009 wanachama wakaupigia kura mkataba ukapita.

Ulikuja baada ya miaka 15. Tarehe 14 Julai 2023 SAG-AFTRA, ambacho ni chama kilichopatikana SAG na AFTRA walipoungana mwaka 2012, kiliwatoa waigizaji wake kazini. Chama kina wanachama wapatao 160,000. Waandishi nao walikuwa nje tangu 2 Mei, na mara ya mwisho vyama hivyo viwili kugoma kwa pamoja ilikuwa 1960. Walidai malipo ya haki pale kazi yao inaporudiwa kwenye mitandao ya kutazama filamu, na walidai akili bandia isichukue sura na sauti zao bila ridhaa na bila malipo. Siku 118, mpaka 9 Novemba 2023.

Sasa vipindi huru vya mtandaoni vilipatwa na nini? Hapa ndipo nilipopapenda mimi. Jibu halikutegemea ukubwa wa kipindi. Lilitegemea karatasi iliyosainiwa.

Chama kile kina kanuni ambayo wao wanaiita ya kwanza: mwanachama hafanyi kazi kwa mtayarishaji ambaye hajasaini mkataba na chama. Kanuni hiyo inamfuata mwigizaji popote aendapo, hata akiigiza sebuleni kwa rafiki yake. Kwa hiyo vijana wasio wanachama, wanaojirekodi wenyewe kwa simu, waliendelea tu kama kawaida. Ila chama kiliwaonya: wewe ambaye ndoto yako ni kujiunga siku moja, ukienda kuifanyia kazi au kuitangaza kampuni iliyogomewa wakati wenzako wako barabarani na mabango, usitegemee kupokelewa. Na wanachama walikatazwa kutangaza filamu zilizogomewa hata kwenye podikasti, kwa hiyo mwenye kipindi kidogo aliyezoea kuwahoji mastaa kuhusu filamu zao mpya alibaki na viti vitupu.

Kuna kampuni inaitwa Dropout, ya Sam Reich, inaishi kwa ada za watazamaji wake na inatengeneza Game Changer na Dimension 20. Mgomo ulipoanza ilisimamisha kazi. Baadaye ikaonekana waigizaji wake wanafanya kazi chini ya mkataba mwingine wa chama, ule wa vipindi vya mtandaoni visivyo vya tamthilia, ambao haukuwa kwenye mgomo. Wakarudi kazini, tena kihalali kabisa. Watu walewale, kamera zilezile, kilichowaokoa ni jina la mkataba!

Na wale wenye tamthilia na filamu huru je? Chama kiliwatengenezea mkataba wa muda. Kama huna uhusiano na zile studio zilizogomewa, unasaini kwamba unakubali yale yote ambayo chama kimeziomba studio, nyongeza ya mshahara ikiwemo, kisha unaruhusiwa kupiga picha. Mamia ya watayarishaji waliomba.

Fikiria maana yake, ndugu yangu. Mtayarishaji mdogo anayehesabu nauli ya wasanii wake anakubali kulipa kile ambacho kampuni ya mabilioni inasema haiwezekani. Ni mzigo mkubwa, sikatai, na wapo ambao hawakuuweza. Lakini kila aliyesaini alikuwa shahidi dhidi ya wakubwa. Wasiopenda walikuwepo. Mchekeshaji Sarah Silverman alihoji hadharani inakuwaje wengine wanaendelea kuigiza wakati wengine wanatembea na mabango, hasa kwa kuwa filamu huru nyingi mwisho wa safari mnunuzi wake ni kampuni ileile iliyogomewa. Agosti 2023 chama kikaubana mlango kidogo, kikaacha kutoa ruhusa hiyo kwa kazi zinazotengenezwa Marekani chini ya mkataba wa waandishi, ili wasiwakate miguu waandishi waliokuwa nao barabarani.

Mimi nasomea ualimu, kwa hiyo nikisikia neno mgomo akili yangu inakwenda mwaka 2012 moja kwa moja. Nilikuwa darasa la tatu. Tarehe 30 Julai walimu wa shule za serikali nchini, chini ya CWT, waligoma wakidai pamoja na mengine nyongeza ya mshahara ya asilimia 100, na tarehe 2 Agosti Mahakama Kuu, Kitengo cha Kazi, ikasema mgomo ule haukufuata sheria, walimu wakarudi. Shuleni kwetu alikuwepo kaka mmoja aliyemaliza kidato cha sita, anajitolea, wazazi wanamchangia kidogo. Hakuwa mwanachama wa chochote. Siku ile alitukusanya chini ya mwembe tukaimba jedwali la kuzidisha mpaka saa sita. Sisi watoto tulifurahi. Mama yangu, ambaye ni mwalimu, aliposikia alinyamaza muda mrefu, halafu akasema, "Hajakosea yule mtoto. Ila hakuna aliyemwambia asimame wapi."

Hilo ndilo jambo lenyewe. Yule kaka alikuwa kipindi huru. Akifundisha, anawasaidia watoto, na hapohapo anampa mwajiri nafasi ya kusema mbona darasa linaendelea. Asipofundisha, anaumia kwa ugomvi ambao hata ushindi wake usingemfikia, maana mshahara ukipanda yeye hana mshahara. Mdogo asiye na karatasi anaumizwa pande zote mbili.

Kwa hiyo kwenye ule ubishi wa chumbani mimi sipo kwa wa genge wala kwa wa kaburi. Mgomo wa waigizaji unaweza kumpa mdogo nafasi, tena kubwa, kwa sababu watazamaji wana kiu na wasanii wana muda. Lakini nafasi hiyo anaipata aliyejipanga kabla: mwenye mkataba unaoeleweka, mwenye hakimiliki ya kazi yake, asiyemtegemea mkubwa kwa pesa wala kwa soko. Felicia Day alianza The Guild Julai 2007, kabla hata waandishi hawajagoma, akaendesha msimu wa kwanza kwa michango ya watazamaji, na wafadhili wakubwa walipokuja haki za kipindi zikabaki kwake. Huyo hakusubiri duka la jirani lifungwe.

Na chama nacho kina deni. Kikigoma bila kumwambia mdogo asimame wapi, kinamsukuma mwenyewe upande wa mwajiri, halafu kesho kinamwita msaliti. Ule mkataba wa muda, pamoja na kelele zake zote, ulikuwa jibu: njoo usimame hapa, lipa haki, fanya kazi. Natamani siku tukiwa walimu, na sisi tukifika mahali pa kudai, tuwe tumeshawafikiria wanaojitolea kabla hatujaondoka darasani.

Haya, umeme umerudi na msosi wa kantini unakwisha mapema siku hizi. Wale mnaosoma sheria, naomba mje mnieleze: asiye mwanachama ana wajibu gani kwa mgomo ambao hakuupigia kura? Nawasubiri. Tuko pamoja.