Taa ya Mlangoni ni ya Nani?

Giza la Loresho ni zito kuliko lile tulilolizoea Pwani. Sisi tuliolelewa Mombasa tumekulia katika mitaa ambamo taa ya baraza moja huwatosha majirani watatu na mpita njia wao. Huku juu kuna mageti, michongoma na miti mikubwa, na kutoka getini hadi mlangoni ni mwendo. Anayerudi msikitini baada ya Isha hupapasa njia, na dada anayetusaidia kazi, ambaye hulala nyumba ya nyuma, huvuka ua gizani kila alfajiri.

Kwa ajili hiyo familia yetu ilikubaliana kuweka swichi janja za taa za nje, zinazoamrishwa kwa simu au zinazofuata kuzama kwa jua. Kaka yetu aliyeko Muscat alijitolea kulipia vyote, kwa sharti moja: programu iwe katika simu yake na ya shemeji yetu tu. Alisema usalama hautaki mikono mingi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na mimi nikiamka usiku kutawadha, mwanangu, nikupigie simu Muscat uniwashie taa?"

Swali la nani mwenye taa ni la zamani katika pwani yetu. Historia ya umeme wa Kenya husimuliwa kuanzia Unguja, ambako mwaka 1875 Seyyid Barghash alipata jenereta ya kuangaza kasri lake na barabara za karibu. Mwaka 1908 mitambo hiyo ilinunuliwa na mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, na hapo ikazaliwa kampuni ya umeme ya Mombasa. Mwaka huohuo Nairobi nayo ikapata kampuni yake, na mwaka 1922 hizo mbili zikaunganishwa. Taa iliyoanzia kwa Sultani imechukua miaka mingi kufika jikoni mwetu. Ingekuwa ajabu ikifika tuirudishe kwa mtu mmoja.

Tulimwita fundi mwenye leseni ya EPRA, naye akatueleza mambo ambayo wenzetu wanaofikiria kazi hii wayajue. Swichi nyingi za aina hii zinahitaji waya wa nyutro, na nyumba za zamani aghalabu hazina waya huo kwenye kisanduku cha swichi. Kuta za mawe hudhoofisha waifai, basi ipimwe pale swichi itakapokaa kabla ya kununua chochote. Swichi ikiwezekana ikae ndani, taa pekee ndizo zinyeshewe. Ikilazimu kuwekwa nje, iwe na kisanduku chenye alama ya IP65 au zaidi, kwa maana mvua za masika hazina huruma. Kadhalika pawe na kifaa kinachokata umeme unapovuja, na swichi zipangwe ili umeme ukirudi usiku wa manane baada ya kukatika, taa zote zisiwake zenyewe.

Tulichagua kufuata jua badala ya saa. Hapa Nairobi magharibi huingia karibu saa kumi na mbili na dakika ishirini mwanzoni mwa Novemba, na karibu saa moja kasoro dakika kumi katikati ya Februari. Na kwa kuwa taa nane za wati 10 zikikesha saa 12 hula takriban uniti moja, tuliacha mbili tu zikeshe. Nyingine huwaka mtu akipita. Zote zimeelekezwa chini, zisimulike dirisha la jirani, maana naye ana haki yake ya kulala.

Lililobaki lilikuwa zito zaidi. Programu hizi huweka kumbukumbu: taa ipi imewaka, saa ngapi. Mwenye simu akiwa Muscat angeweza kujua binti karudi lini na dada wa kazi katoka lini, bila ya wao kujua kwamba wanatazamwa. Suratul Hujurat imekataza kupelelezana, na hatukuona kwamba katazo hilo linaondoka kwa sababu mpelelezi ni ndugu na chombo chake ni taa.

Tulimwandikia kaka kwa heshima. Tulitaka kitufe cha mkono kiwepo mlango wa jikoni, getini na nyumba ya nyuma, kifanye kazi hata intaneti ikipotea. Wanawake wa nyumba wawe na programu. Taarifa za kila taa kuwaka zizimwe. Yeye abaki na uwezo wa kuwasha nyumba ikiwa tupu, tunapoteremka Mombasa kwa Idi. Alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu fedha zikaingia, na sharti halikutajwa tena.

Kwa hiyo, mama wenzetu, kabla hamjamuuliza fundi bei, ulizaneni nyumbani: simu ikiisha chaji, au mwenye simu akiwa mbali, ni nani atakayebaki gizani? Aghalabu ni mzee, mtoto au dada wa kazi. Kitufe cha kwanza kiwekwe karibu na mkono wake.