Mlango Huoza Kutoka Ndani

Nilizaliwa Kashebere, pale Masisi inapokutana na Walikale. Ukitoka Goma unapita Sake, unapanda milima ya malisho ya ng'ombe, unafika Masisi mjini, unapita Nyabiondo, kisha nyasi zinapungua na msitu unakupokea. Kwetu mvua haisubiri msimu. Magari niliyoyajua utotoni, enzi za Zaire, yalikuwa ya mapadri na ya wenye mashamba ya chai, kahawa na kwinini. Baada ya Novemba 1973, Mobutu alipotwaa mashamba na biashara za wageni na kuzigawa kwa Wazaire, mengi ya magari hayo yalibadili mikono. Yalikuwa Land Rover, na baadaye zaidi Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 40, zilizotengenezwa Japani tangu 1960 hadi 1984. Baadhi ya hizo ndizo zilizonilisha mimi na watoto wangu.

Ufundi nilijifunza Goma, kwa mzee mmoja fundi wa bodi za magari. Vijana wenzangu walikimbilia injini, maana fundi wa injini ndiye anayeitwa "mukubwa" barabarani. Mzee akanipa milango. Kila mlango ulioingia garajini nilipaswa kuufungua, kuangalia ndani, na kumweleza maji yaliingilia wapi, yakatuama wapi na yakatokea wapi. Sikuruhusiwa kugusa rangi mpaka nimeweza kujibu maswali hayo matatu.

Wengi hudhani mpira wa dirisha umewekwa ili maji yasiingie kabisa mlangoni. Sivyo. Kioo kinachopanda na kushuka lazima kiachiwe nafasi, na penye nafasi maji hupita. Mpira wa nje, ule unaolamba kioo chini ya dirisha, kazi yake ni kuyapunguza maji na kuzuia mchanga. Wa ndani, wenye manyoya mafupi, hukikausha kioo na kukizuia kisitikisike. Maji machache yanayopenya hushuka ndani ya mlango na kutoka kwa vitundu vilivyo chini kabisa. Mpira ukichakaa, maji yanaongezeka. Vitundu vikiziba kwa matope, maji yanakaa. Yakikaa, bati linaliwa kutoka ndani huku rangi ya nje bado inang'aa, na siku mwenye gari anapoona kipele cha kutu, ndani hakuna tena mlango.

Mpira huo haushikwi na gundi. Unashikwa na agrafu, vibanio vidogo vya chuma cha springi vinavyoingia kwenye matundu ya ukingo wa mlango. Kimoja kikikatika, mpira unainuka mahali pale, na maji yanapata mlango wao.

Huku kwetu agrafu hufa mapema. Upepo husukuma moshi wa volkano za Nyiragongo na Nyamulagira kuelekea magharibi, juu ya Sake na Masisi. Mvua inayopita katika moshi huo hushuka na tindikali, na wenye nyumba wa huko wanajua jinsi mabati yao yanavyotoboka kabla ya wakati. Kipande chembamba cha chuma kilichofichwa chini ya mpira, mahali pasipokauka, hakiwezi kuistahimili mvua hiyo. Goma kuna adui wa pili. Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, na tangu hapo tunajenga, tunatembea na kuendesha juu ya mawe yake. Vumbi lake jeusi ni kali. Likiingia katika manyoya ya mpira, kila unapokizungusha kioo unakipiga msasa. Michirizi ya wima utakayoiona kwenye kioo cha gari kuukuu la Goma ndiyo alama yake.

Kazi ninayoipenda kuliko zote niliifanya nyumbani, Kashebere, kwa Land Cruiser BJ40 ya mazuti. Mwenyewe ni mfanyabiashara anayebeba mihogo, mawese na watu, na kila familia ya pale imewahi kumgongea usiku ili ampeleke mgonjwa hospitali ya Masisi. Alitaka gari lirudi kama lilivyotoka kiwandani. Aliponiona nimeanza na madirisha, akashangaa.

"Papa fundi, mbona injini bado unaanza na vioo?"

"Patron, injini ikifa utaletewa nyingine. Mlango huu ukifa, sijui nani atakuletea."

Akavuta kiti, akakaa kuangalia.

Nilishusha kioo mpaka chini, nikatoa mkono wa kukizungushia na ubao wa ndani, kisha nikafungua skrubu za fremu ya kile kioo kidogo cha pembetatu cha mbele. Fremu ikitoka, kioo kikubwa kinapata nafasi ya kuinamishwa na kuvutwa juu. Hapo ndipo ukweli wa mlango unaonekana. Nilisugua ukingo kwa brashi ya waya, nikazibua vitundu vya chini, nikapaka rangi ya kuzuia kutu ndani ya kila tundu la agrafu, nikaacha ikauke. Anayeweka chuma kipya juu ya kutu ya zamani amempangisha mgeni katika nyumba inayoungua.

Mpira wa nje huingia kabla ya kioo, kwa sababu kioo kikisharudi mkono hauna pa kupita. Niliukata ukiwa mrefu kidogo kuliko mlango, kwa kuwa mpira unaovutwa ili utoshe hujirudi, nao ukijirudi huacha pengo pembeni, mahali pale pale maji yanapopenda. Nilianza kuubana katikati, nikaenda kushoto na kulia kwa zamu, nikisukuma kila agrafu kwa kidole gumba na kipande cha mti laini mpaka iliposema "ta". Nyundo haina kazi hapa. Hupinda ukingo, na ukingo uliopinda hauwezi kushika tena. Penye ugumu nilipaka maji ya sabuni. Mafuta ya injini hayaguswi, maana huvimbisha mpira na kuulegeza. Kioo kiliporudi nilichukua karatasi, nikaipenyeza kati ya kioo na mpira, nikaivuta hatua kwa hatua kutoka ncha hii hadi ile. Ikishikwa sawasawa kila mahali, kazi imekubali. Mwisho nikafunga turubai jembamba nyuma ya ubao wa ndani, ncha yake ya chini ikitazama ndani ya mlango, ili tone lolote lirudi kwenye vitundu badala ya kumwagikia miguu ya abiria.

Vipuri ndiyo taabu yetu. Vingi hutoka Dubai, hupitia Mombasa na Kampala, na anayeviagiza hufikiria pampu na breki. Mpira wa dirisha la gari la miaka ya 1970 hauko katika hesabu zake. Ninapopata msafiri mwaminifu namtuma soko la Kisekka, Kampala, au Kirinyaga Road, Nairobi, aniletee mpira unaouzwa kwa mita. Agrafu nimezoea kuzitengeneza mwenyewe kwa ukanda wa chuma unaofungia makasha ya bidhaa. Unakatwa, unakunjwa kwa koleo juu ya kipimo cha mbao, na kupakwa rangi kabla ya kuingia. Agrafu ya zamani iliyo nzima huwa siitupi. Ndiyo inayonipa umbo la kufuata. Vita vimetuhamisha mara nyingi, na kila tulipokimbia kipimo kile cha mbao kilikuwa mfukoni mwangu.

Sasa nina vijana wawili garajini. Wao pia walikuja wakitaka injini, nami nimewapa milango. Mmoja wao ameshajua kuvuta karatasi na kunionyesha kwa kidole inapolegea. Huwa nawaambia kwamba katika nchi yenye barabara kama ya Nyabiondo, gari kuukuu lililotunzwa ni mali ya kijiji kizima, na atakayelitunza ni yule anayeheshimu sehemu zisizoonekana. Ombi langu kwa walimu wa ufundi wa Masisi na Walikale ni hili: wekeni mlango mmoja mbovu darasani, mwacheni mwanafunzi aufungue, aeleze maji yaliingilia wapi, yakatuama wapi na yakatokea wapi. Akiweza kujibu, mkabidhini koleo na agrafu aanze kazi.