Vyungu Vilivyogeuka Mashua



Tangu turudi kutoka Bruxelles, kwenye ndoa ya mtoto wa dada yetu, wengi wenu mnatuuliza tuliona nini zaidi ya ndoa. Mambo ya ndoa tulikwisha kuwasimulia. Leo tunawaletea habari za siku moja tuliyopelekwa na wajukuu kwenye bustani ya michezo, na za siku iliyofuata. Tunaandika sisi wawili pamoja. Pale ambapo hatukupatana, tutawaambia.

Katika jamaa la dada yetu, kuchagua bustani ya kwenda wakati wa likizo ni mabishano makubwa, kama yale ya kwetu kuhusu Noeli itapikwa kwa nani. Wajukuu walitaja mahali patatu, na kila mmoja alikuwa na sababu zake.

Vijana walitaka Walibi, kwa kuwa iko karibu, pale Wavre. Ilifunguliwa mwaka 1975, na jina lake limetolewa katika majina ya sehemu tatu za pale: Wavre, Limal na Bierges. Kuna mchezo unaoitwa Kondaa, wa mwaka 2021, ambao unakupandisha mita 50 na kukushusha kwa mwendo wa kilomita 113 kwa saa. Tulipoona picha yake tu, tulijua kazi yetu huko ingekuwa kulinda mifuko.

Wadogo walitaka Disneyland Paris, kule Ufaransa. Imekuwapo tangu Aprili 1992, na kila mtoto anawajua watu wake wote kwa sababu ya filamu. Lakini dada yetu alipiga hesabu: safari, hoteli, tiketi za siku mbili, chakula cha watu tisa. Alipomaliza, alifunga daftari bila kusema neno.

Basi tukaenda Efteling, Uholanzi, katika mji mdogo wa Kaatsheuvel, kama saa moja na nusu kwa gari. Watoto walio chini ya miaka minne hawalipi. Dada yetu alisema, "Kule kuna miti na viti, hata bibi anapata pa kupumzika." Tulibeba mikate, kuku na chupa za maji, kwa maana chakula cha ndani ni cha bei kali. Wamama, mkipata nafasi ya kwenda mahali kama hapo, fanyeni vilevile. Na pimeni urefu wa watoto kabla ya kuondoka nyumbani, kwa sababu michezo mingine inadai mtoto awe na sentimita 110, mingine 120. Mtoto akisimama mstari muda mrefu kisha akarudishwa mlangoni, kilio chake hakiishi leo.

Ndani ya gari, mtoto mkubwa wa dada yetu, kijana wa miaka 26, alituelezea jambo ambalo hatukulijua: bustani hizi hazikai jinsi zilivyo. Mchezo unazeeka, unafungwa, na mwingine unawekwa mahali pake. Pale Disneyland Paris palikuwa na nyumba iliyoitwa Le Visionarium, iliyowasafirisha watu katika nyakati mbalimbali kwa filamu. Ilifungwa mwaka 2004, na mwaka 2006 ikawa mchezo wa kupiga shabaha na Buzz Lightyear. Space Mountain ilianza mwaka 1995 kama safari ya mwezini, na tangu 2017 imekuwa ya filamu za Star Wars, ingawa reli ni ile ile.

"Ni kama kitenge," mmoja wetu akasema. "Mtambo ni mmoja, wanabadilisha rangi tu ili tununue tena."

Kijana alicheka, akakubali kwamba mara nyingi ndivyo ilivyo. Filamu mpya inauza tiketi. Lakini alisema pia kwamba kuna mitambo inayochoka kweli, kuna vipuri visivyotengenezwa tena, na kuna michezo inayoondolewa kwa sababu watu hawawezi tena kuitazama bila aibu. Neno hilo la mwisho hatukuliuliza. Tulilielewa baadaye.

Efteling ilifungua milango mwaka 1952, ikiwa na msitu wa hadithi za watoto uliochorwa na msanii Anton Pieck. Msitu huo upo hadi leo. Unatembea kwa miguu chini ya miti, unakuta kijumba cha mchawi, binti anayelala, na Langnek, mtu mwenye shingo inayopanda juu, juu, kisha inashuka. Kitu kilichotufurahisha kuliko vyote ni pipa la takataka. Ni sanamu ya mtu mnene, Holle Bolle Gijs, amefungua mdomo, anaomba karatasi kwa sauti na kuzivuta ndani kwa upepo. Wajukuu walizunguka wakitafuta takataka za kumlisha! Tulisema kwa pamoja: huyu angefaa sana Lubumbashi, pale sokoni.

Halafu tukafika kwenye Baron 1898. Wamama wa Likasi na Kolwezi, sikilizeni vizuri. Wametengeneza mgodi wa dhahabu wa kuigiza. Unakaa katika gari, unapandishwa, unasimamishwa ukitazama shimo, kisha unaangushwa mita 37 na nusu, kilomita 90 kwa saa, ndani ya giza. Watu wanalipa na kupanga mstari kwa hilo. Tulitazamana. Waume zetu walishuka shimoni miaka mingi, na hakuna aliyewauzia tiketi. Tulicheka hadi machozi, na wajukuu hawakuelewa tunacheka nini.

Huko pia tuliona kwamba si kila kitu kinabadilishwa kwa njia moja. Python, gari la reli la tangu 1981, lilikuwa limechoka. Mwaka 2018 waliondoa sehemu kubwa ya reli yake wakaweka mpya kwa umbo lile lile, hata asiyejua hawezi kuona tofauti. Pegasus, uliokuwa wa mbao, waliubomoa kabisa na mwaka 2010 mahali pake pakawa pa mchezo wa Joris na joka. Na ile ngome ya mizimu, Spookslot, ya tangu 1978, ilifungwa mwaka 2022. Oktoba 2024 ulifunguliwa mchezo mpya, Danse Macabre, ambao jukwaa lake zima linazunguka na kuinama pamoja na watu waliokaa juu yake. Lakini muziki waliuacha: ni ule ule wa Camille Saint-Saëns uliokuwa unapigwa katika ngome ya zamani. Tuliingia tukishikana mikono. Mmoja wetu alifumba macho mwanzo hadi mwisho, na hatutasema ni nani.

Alasiri kijana alitupeleka mahali alipopataka tangu asubuhi. Ni mchezo wa kuzunguka, unaitwa Sirocco. Watoto wanakaa katika mashua ndogo, na hadithi yake ni ya Sindbad, yule baharia wa Alfu Lela U Lela. Wajukuu walipanda mara tatu. Kijana hakupanda. Alisimama kando, uso umebadilika.

"Zamani hizi zilikuwa vyungu," akatuambia.

Kuanzia mwaka 1988 mchezo huo uliitwa Monsieur Cannibale. Watoto walikaa ndani ya vyungu vya kupikia, vikazunguka, na katikati alisimama mpishi mkubwa mweusi, aliyetengenezwa kwa mzaha, mla watu. Kwa miaka mingi watu walilalamika, wengine wakautetea. Mwishowe bustani yenyewe iliamua, na mwaka 2022 vyungu vikawa mashua. Mtambo wa chini, ule unaozungusha, walibaki nao.

Kijana alisema, "Nilikuwa na miaka mitano. Ndio mchezo nilioupenda kuliko yote. Niliposikia wameuondoa, nilisema ni vizuri, na bado nikaumia. Ni kama wamechukua kipande cha utoto wangu."

Hapo dada yetu akaongea. Alikuwa amekaa kwenye kiti, sakoshi tatu miguuni.

"Mwanangu, unakumbuka mimi nilikuwa wapi ukizunguka?"

"Ulilinda mifuko, mama. Siku zote ulilinda mifuko."

"Sikuwa nalinda mifuko. Sikutaka mtu yeyote anione nimesimama karibu na yule mpishi, halafu atutazame sisi wawili. Na wewe ulikuwa unacheka sana. Nani angekuzuia?"

Miaka ishirini na moja alikuwa hajamwambia. Kijana hakujibu. Alichukua zile sakoshi tatu akazibeba yeye hadi kwenye gari.

Jioni ile hatukulala mapema. Dada yetu alisema, "Kesho nitawapeleka mahali ambapo hakuna tiketi."

Kesho yake tulikwenda Tervuren, karibu kabisa na Bruxelles. Mwaka 1897, katika maonyesho ya mfalme Léopold II, Wakongo 267 waliletwa kule. Waliwekwa katika vijiji vya kuigiza ndani ya bustani, kando ya maji, na watu walikuja kwa maelfu kuwatazama. Yaani, wamama, kabla ya kuwa chungu na sanamu, mchezo tulikuwa sisi wenyewe. Saba kati yao walikufa huko huko. Makaburi yao yako kando ya kanisa: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba, Mibange. Tulisoma majina kwa sauti, moja moja, kama tunavyofanya kwa watu wetu. Mjukuu wa miaka saba aliuliza, "Bibi, na hao walikuwa wanacheza?" Tulimjibu kwamba walilazimishwa kukaa pale ili watazamwe, na kwamba walikuwa mbali na mama zao. Alinyamaza, kisha akaokota majani akayaweka juu ya kaburi.

Makumbusho ya Afrika iko karibu na hapo. Ilifungwa miaka mitano kwa matengenezo, ikafunguliwa tena Desemba 2018. Baadhi ya sanamu za zamani, zile zilizotuonyesha kama wanyama au washenzi, hawakuzivunja. Wameziweka katika chumba cha peke yake, mbali na maonyesho mengine, na wanaeleza kwa nini ziko hapo.

Hapa ndipo sisi wawili hatukupatana. Mmoja wetu anasema: afadhali kufanya kama makumbusho, kuacha kitu kionekane na kukieleza, kwa sababu kitu kilichofutwa kinasahauliwa, na kilichosahauliwa kinarudi. Mwingine anasema: chumba cha makumbusho ni cha watu wazima. Mtoto wa miaka mitano hasomi maelezo. Yeye anazunguka na kucheka, na kicheko kile ndicho kinachomfundisha. Mahali pa mtoto pasafishwe kwanza, historia ataisikia kwa mdomo wa mama yake. Tulibishana ndani ya ndege hadi taa zikazimwa.

Lakini jambo lililotufanya tuandike barua hii lilitokea tuliporudi nyumbani.

Mnajua sikukuu ya watoto wa shirika letu. Mnajua kile kimchezo cha mwisho, ambacho watu wote wanakingojea: mtoto mmoja anapakwa masizi, anavalishwa majani, anaitwa Mtwa. Anaingia akishangaa taa, anakula sabuni akidhani ni bukari, na lupango lote linaanguka kwa kicheko. Tumekicheza miaka mingi. Sisi wenyewe tuliwashonea watoto yale majani. Mwaka huu tulikaa mbele, na kilipoanza hatukuweza kucheka. Tulimtafuta kwa macho yule mama Mtwa anayeuza makaa nje ya lupango, ambaye watoto wake hukaa nasi siku za sikukuu. Alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na mlango. Alikuwa amebeba mifuko ya wengine.

Hatujamwuliza neno. Labda angetuambia kwamba hajali. Dada yetu naye angesema hivyo, miaka ishirini na moja.

Hatutaki kuwanyima watoto sikukuu yao. Ngoma ile ni nzuri, wimbo wa kuingia ni mzuri, na yule mtoto anayeangukaanguka anachekesha kweli. Vyote hivyo vinaweza kubaki, kama vile mtambo wa vyungu ulivyobaki chini ya mashua, na muziki wa ngome ulivyoingia katika nyumba mpya. Kinachotakiwa kutoka ni masizi na lile jina. Anayekula sabuni anaweza kuwa mfanyabiashara mwenye majivuno, au bibi mmoja aliyetoka Bruxelles akijifanya anajua kila kitu. Nafasi hiyo tuko tayari kuichukua sisi wenyewe.

Basi tunaomba vikundi vyote vilizungumze jambo hili siku ya posho, kabla ya kuhesabu likelemba. Yule mama wa makaa aitwe pia, akae mbele pamoja nasi, na atakayetaka kulinda mifuko siku hiyo awe mmoja wetu.