Mzee Asiyekosa Kufika

Kila ifikapo Desemba hapa Kampala twamwona mzee mmoja katika maduka makubwa ya mjini. Amevaa koti jekundu zito, buti nyeusi na ndevu za pamba, ilhali jua latuchoma hata sisi wenye mashati mepesi. Watu wazima humcheka, lakini watoto hupanga mstari kumngoja. Katika makala hii fupi nataka kueleza kwa nini Baba Krismasi hachuji, hata katika nchi yetu isiyojua majira ya baridi.

Kwanza tutazame asili yake. Katika karne ya nne Nikolao alikuwa askofu wa Myra, mji wa kale katika nchi ambayo sasa ni Uturuki. Yasimuliwa kwamba palikuwa na baba maskini mwenye mabinti watatu, naye hakuweza kuwaoza, kwa sababu huko mzazi wa binti ndiye aliyetoa mali, kinyume cha desturi yetu. Nikolao akapita usiku, akatupa vifuko vya dhahabu dirishani, akaenda zake bila kujitaja. Kutokana na jina la Kiholanzi, Sinterklaas, Wamarekani wakapata Santa Claus. Mwaka 1863 mchoraji Thomas Nast alianza kumchora katika gazeti la Harper's Weekly la New York, na tangu mwaka 1931 picha za Haddon Sundblom katika matangazo ya Coca-Cola zikamtangaza duniani na koti lake jekundu. Hivyo askofu wa nchi ya jua alivikwa nguo za baridi na watu wa mbali, kisha biashara ikamleta kwetu.

Wako wasemao tumkatae kwa kuwa ni mgeni. Mimi naona watoto wetu walimjua kabla hawajamwona. Sikukuu hii Waganda twaiita Ssekukkulu, na siku chache kabla yake Kampala huanza kuhama. Vituo vya teksi hujaa watu na mizigo, nauli hupanda, na kila mmoja ashika njia ya kwao. Kijiji chetu kiko mbele ya Kayabwe, pale mstari wa Ikweta unapoikata barabara ya Masaka. Mleta zawadi wetu alikuwa baba mdogo, mwendesha bodaboda mjini. Alikuja na mikate, sukari, sabuni na nyama, na kila mtoto alipata nguo mpya ya kwendea kanisani. Tulimngoja njiani tangu asubuhi, na kila teksi iliposimama tulikimbia.

Mwaka nilipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili hakuja. Jajja, bibi yetu, alimtengea luwombo yake, nayo ikapoa ndani ya jani la mgomba. Baadaye tulipata habari kwamba pikipiki ilikuwa imechukuliwa na mwenyewe kwa ajili ya deni. Nauli ya kuja alikuwa nayo, lakini aliona haya kushuka mikono mitupu, akashinda Krismasi peke yake chumbani. Jajja alisema, "Mkate hata hapa dukani upo. Mwanangu anauzwa duka gani?" Alipokuja wakati wa Pasaka na kilo moja ya sukari, Jajja aliiweka kando bila kuitazama, akamletea kiti.

Tangu hapo nimeelewa kwa nini mzee wa ndevu za pamba anapendwa. Yeye hana mwaka mbaya. Hadaiwi, hapandishiwi nauli, hapotezi kazi. Mtoto apenda kujua kwamba yuko mmoja asiyekosa kufika. Tena zawadi yake haimpimi mtu, kwa maana aliyeitoa hajulikani, kama ilivyokuwa kwa Nikolao pale dirishani. Kwetu zawadi ina mwenyewe, na majirani huhesabu mizigo inaposhushwa kwenye teksi. Hesabu hiyo ndiyo iwafungiayo watu vyumbani mjini.

Wenzangu wa kidato cha mwisho, karibuni sisi ndio tutakaongojwa njiani, na ninyi wanafunzi wa zamani mmekwisha kuwa watu hao. Methali yasema, "Kutoa ni moyo, si utajiri." Nyingine yasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," wala haikutaja mzigo wake. Mwaka mliojaliwa, chukueni mikate. Mwaka mliokosa, njoni hivyo hivyo. Nasi tulio nyumbani tuutazame uso wa mtu kabla ya mikono yake.

Namtakia kila msomaji Ssekukkulu njema na safari ya salama.