Waliobaki Usingizini: Ngano na Historia katika Briar Rose

Ngano huanza kwa kufuta tarehe. Fanani asemapo "hapo zamani za kale", hadhira huridhia kutouliza mwaka wala jina la nchi. Historia ya maangamizi ya Wayahudi wa Ulaya haiwezi kusimama pasi na tarehe, majina na mahali, kwani walioyatenda walijitahidi kuvifuta vyote vitatu. Kwa hiyo mwandishi athubutuye kuziweka ngano na historia hiyo katika kitabu kimoja, tena kitabu cha vijana, huwa amejitwika mzigo mzito. Jane Yolen, mwandishi wa Marekani, aliubeba mzigo huo katika riwaya yake Briar Rose, iliyochapishwa mwaka 1992. Yafaa kuuliza iwapo ngano humo imeisaidia historia kusema, au imeiziba kinywa.

Msingi wa riwaya ni ngano ya binti mfalme aliyelala, ambayo ndugu wawili wa ukoo wa Grimm waliichapisha Ujerumani mwaka 1812. Binti hujidunga kidole kwa pia ya kusokotea uzi, usingizi wa miaka 100 hulikumba kasri zima, na ua wa miiba hulizunguka. Hatimaye mwana wa mfalme huja, binti akaamka, na wote wakaamka pamoja naye, hata farasi zizini na nzi ukutani. Katika riwaya, nyanya aitwaye Gemma huwasimulia wajukuu wake watatu ngano hiyo tangu utotoni mwao, lakini kwa namna yake. Mchawi wake amevaa buti nyeusi na kofia yenye nembo za tai wa fedha. Kinachotanda juu ya nchi ni ukungu. Na busu linapokuja, anayeamka ni binti peke yake.

Baada ya kifo cha Gemma, Becca, mjukuu wa mwisho, anafungua sanduku la picha na karatasi za marehemu. Kutoka hapo anaifuata ngano kama msafiri afuatavyo ramani, hadi Chelmno nchini Poland.

Chelmno si mahali pa kubuniwa. Kuanzia Disemba 1941 Wanazi waliwaua hapo watu wasiopungua 150,000, wengi wao Wayahudi wa mji wa Łódź na wilaya za jirani, pamoja na Waroma wapatao 5,000. Karibu wote waliletwa kufa tu. Walivuliwa nguo katika jumba la kale la kitajiri kwa kudanganywa kwamba wanakwenda kuoga, wakasukumwa ndani ya malori yaliyofungwa ambamo moshi wa injini ulielekezwa, kisha miili yao ikapelekwa msituni. Msomaji akishayajua haya, hulazimika kuisoma upya ngano nzima. Kasri ni jumba lile. Ukungu ni moshi ule. Miiba ni seng'enge. Busu nalo ni pumzi ambayo wapiganaji wa msituni walimpulizia kinywani mwanamke waliyemwopoa kutoka shimo la maiti. Anayemweleza Becca hayo ni Josef Potocki, mzee aliyepata kufungwa katika kambi ya Sachsenhausen kwa sababu aliwapenda wanaume wenzake.

Hapa ndipo penye utata. Walionusurika Chelmno ni wanaume wachache mno, na hakuna mwanamke anayejulikana kutoka humo hai. Mhakiki mkali anaweza kudai kwamba Yolen amewapa vijana faraja ambayo historia iliwanyima wafu. Hoja hiyo haipaswi kupuuzwa. Riwaya ya John Boyne, The Boy in the Striped Pyjamas, iliyotoka mwaka 2006, nayo iliitwa ngano, na mwaka 2020 jumba la makumbusho la Auschwitz lilishauri kwamba wasomao au wafundishao historia hiyo waiepuke. Kuiita kazi ngano hakumwondolei mwandishi deni.

Yolen analilipa deni lake kwa njia mbili. Kwanza, katika maelezo ya mwisho wa kitabu anatamka wazi kwamba hajui mwanamke yeyote aliyeokoka Chelmno. Msomaji aliyefurahia wokovu wa binti mfalme anarudishwa kwenye shimo bila kubembelezwa. Pili, na hili ni zito zaidi, ngano haikutumiwa kama sukari ya kufunikia dawa chungu. Gemma hakumbuki hata jina lake. Ngano ndiyo lugha pekee aliyobakiwa nayo. Anachokosea katika kusimulia ndicho ushahidi wake. Hata Marekani, nchi ya kimbilio, miiba haikumwacha: ngome ya Oswego, ambako wakimbizi halisi 982 walipokewa mwaka 1944, ilikuwa imezungukwa na ua, nao wakazuiliwa humo hadi mwanzoni mwa 1946.

Riwaya ina udhaifu wake. Mapenzi ya Becca na mhariri wake, Stan, yanafuata mkondo wa ngano kwa wepesi mno, kana kwamba mwandishi alihofia kumwacha kijana na huzuni tupu. Busu hili la pili halina uzito wa lile la kwanza, wala halikuhitajiwa.

Hata hivyo, kazi hii inastahili kusomwa na vijana, mradi maelezo yale ya mwisho yasirukwe. Ngano ya kale humaliza kwa kuwaamsha wote, na msikilizaji huenda kulala akiwa hana swali. Ngano ya Gemma humwachia mtoto swali ambalo kila mtoto mwangalifu angeliuliza: je, wale wengine? Ngano haina jibu la swali hilo. Jibu liko katika msitu wa Chelmno, na ni historia peke yake iwezayo kulitoa.